Kamba ya Mgomba

Kila Jumatano baada ya masomo, Béatha alipanda mlima wa Nyakabanda akiwa na kidumu cha maji. Juu ya nyumba za mwisho ulianza msitu wa hifadhi, ambako mikaratusi ilikuwa ikiondolewa kidogo kidogo ili miti ya asili irudi, na ndege na wadudu wairudie. Kila mwanafunzi wa kilabu cha mazingira alipewa mche wa umusave, mmoja wa miti hiyo ya asili, autunze. Wa Béatha ulinyooka vizuri, majani yakimetameta. Hakuna aliyeutazama.

Jumatano moja wote walikuwa wameuzunguka mche wa Pretty.

Pretty alihamia Kigali mwaka huo kutoka Uganda, na Kinyarwanda bado kilimkwama mdomoni. Lakini bahati ilimpenda. Kinyonga mdogo wa kijani alikuwa ameufanya mche wake makao. Wengine walimwogopa, Pretty alimsalimu kama jirani: "Muraho, mzee."

"Na wako, Béatha?" Eddie akamtania. "Mti wako hata nzi hatui, sha."

Wakacheka. Pretty naye akacheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Béatha kuliko vyote.

Siku hiyo Mwalimu Yvonne aliwaambia kwamba Jumamosi wakazi wangekuja kufyeka msituni, kwa kuwa ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Kwenye mkutano wa baada ya kazi, mtoto mmoja angesimama kueleza habari za miti ya asili. Béatha alikuwa ameshajizoeza maneno yake mbele ya kioo cha mama. Mwalimu akamtaja Pretty, kwa sababu ya kinyonga.

Kisha Mzee Conrad, mlinzi wa msitu, akawagawia kamba za mgomba wafunge kila mmoja mche wake. Wafyekaji wangekuwa wengi, na si wote waliojua miti. Chenye kamba kingeachwa, kisicho nayo kingekatwa.

"Watu wa panga hawaulizi jina la mti," alisema. "Wanaangalia kamba tu."

Wenzake waliposhuka, Béatha alibaki nyuma. Aliifungua kamba ya Pretty, akaitia mfukoni mwa koti lake. Alijua Mzee Conrad angekagua miche kabla ya kazi kuanza. Angeukuta hauna kamba, Pretty angeonekana mzembe, na mwalimu angemtafuta msemaji mwingine. Basi, hakuna zaidi. Kinyonga alizungusha jicho moja likamtazama. Béatha akaondoka upesi.

Jumamosi walifika watu wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mzee Conrad alikuwa bado akiwapanga wa upande wa chini wakati mapanga yalipoanza kazi huku juu. Béatha, aliyekuwa ametumwa kubeba matawi, alipanda mbio. Alichelewa. Mche wa Pretty ulikuwa umelala chini, na aliyesimama juu yake na panga mkononi alikuwa mama yake mwenyewe.

Pretty naye alifika. Alipiga magoti akaanza kumtafuta kinyonga katika majani. Hakumwona.

Mzee Conrad aliuliza nani ameukata. Mama Béatha akaweka panga chini.

"Ni mimi, mzee. Sikuona kamba."

"Fundi, tafuta miwani," mtu mmoja akatania, "utatushonea mikono miguuni."

Watu wakacheka. Mama Béatha alikuwa fundi cherehani, na wengi waliokuwa pale walikuwa wateja wake. Akatabasamu kwa aibu, akaishika mikono ya Pretty. "Nisamehe, mwanangu. Labda macho yameanza kuchoka."

Béatha aliyajua macho yale. Usiku yalitunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa simu. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa kamba, mbele ya wote.

"Mama anaona vizuri," alisema. "Kamba ninayo mimi. Niliifungua."

Kicheko kikakatika. Pretty akamtazama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kinyonga. Wote walikuwa kwako."

Pretty alifuta machozi kwa kiganja, akaenda zake. Mkutanoni alisimama akaeleza habari za miti, kwa Kinyarwanda cha kukwama, na hakumtazama Béatha hata mara moja.

Watu walipotawanyika, Mzee Conrad aliinama akakigusa kisiki cha mche. Alieleza kwamba umusave hukubali kuchipua tena mzizi ukiwa mzima, ila unataka maji na uangalizi. Béatha akaomba kazi hiyo. Tangu hapo alipanda mlima kila jioni, wenzake wakicheza.

Umuganda uliofuata, kisiki kilikuwa na machipukizi mawili mekundu. Béatha alipogeuka kuutazama mche wake, alimwona kinyonga, ametulia kwenye tawi kana kwamba amezaliwa hapo. Zamani angemwita Eddie kwanza. Alikimbia kumwita Pretty.

Pretty aliinama karibu na tawi. "Muraho, mzee," akasema. "Kumbe umehamia tu."

Mama Béatha, aliyekuwa akinoa panga karibu yao, akamwita binti yake.

"Ulitaka kumwumiza Pretty," alisema taratibu, "na panga likawa mkononi mwangu, aibu ikawa yangu. Ndivyo wivu ulivyo, mwanangu. Ukishaufungulia, huwezi kuuambia umkate nani na umwache nani. Kutamani cha mwenzako si kosa. Njoo uniambie, tukae tuongee. Kosa ni kukiharibu."

"Ndiyo, mama."

Akampa kamba mpya ya mgomba. Chini, sauti za wafyekaji zilikuwa zimeanza kupanda. Béatha alichuchumaa kando ya kisiki, lakini kamba ilikuwa ngumu, ikamponyoka. Pretty akachuchumaa upande wa pili, akashika ncha nyingine.

"Kaza," akasema.