Mawe Juu ya Mabati

Mwaka ule shule za Lubumbashi zilikuwa zimefungwa, walimu hawajaona mshahara miezi na miezi, na nyumba ya Mama Albertine pale Katuba ikageuka darasa. Kila asubuhi watoto kumi na watatu walibanana sebuleni, jirani yao Mwalimu Mukuka akawafundisha. Malipo yake yalikuwa bukari, yaani ugali, ya moto na habari zote za mtaa.

Siku hiyo alieleza kimbunga.

"Kinazaliwa baharini, kule maji yana joto. Mvuke unapanda, unakuwa mawingu. Hewa ya pembeni inakimbilia pale, na kwa kuwa dunia inazunguka, nayo inazunguka. Kikifika nchi kavu kinaleta mafuriko na kung'oa nyumba."

"Mwalimu, huku hatuna bahari," alisema Merdi. "Kitakuja na treni?"

Sebule nzima ikacheka.

"Hakitafika. Lakini upepo wa mvua zetu unatosha kuua. Tena huua kwa vitu unavyorusha: mabati, matofali, mawe."

Wivine, binti wa Mama Albertine, akaacha kucheka. Wiki iliyopita mama yake alimpa misumari ampelekee fundi Chileshe, aje apigilie bati lililolegea. Wivine akaibadilisha kwa mandazi, kisha akapanda mwenyewe na kulikandamiza bati kwa mawe, kama nusu ya mtaa walivyofanya tangu misumari iadimike. Sasa mbingu ilikuwa nyeusi kama makaa, na Merdi alikaa chini ya mawe yale yale.

Kusema mbele ya watu wote ni aibu. Akasema.

"Mama, fundi hakuja. Misumari niliitoa kwa mandazi. Juu ya Merdi kuko mawe."

Mama Albertine, aliyesimama mlangoni, alimkazia macho. "Wote chumba cha nyuma. Mimi na wewe tutaongea."

Mtoto wa mwisho alikuwa hajaketi huko upepo ulipolinyanyua bati. Mawe mawili yakaangukia benchi la Merdi, likapasuka.

Mvua ilipokatika, mtaa mzima ulijaa uani kuona. Merdi alilitazama benchi, kisha akamshika Wivine mkono. "Aksanti, yaya," alisema, kama anayemwita dada yake mkubwa.

"Nilitaka kukuchapa," Mama Albertine alimwambia bintiye, akimvuta kifuani. "Sasa nashindwa hata pa kuanzia. Aksanti kwa kusema."

"Kesho Wivine atanyoosha misumari ya zamani kwa Chileshe, bati lipigiliwe," alisema Mwalimu Mukuka. "Na nyinyi shikeni hili: hata kwenye vimbunga, wengi hupona kwa sababu mtu aliwaambia ukweli mapema. Leo mtu huyo ni Wivine. Haya, mpeni bukari."