Mfaume wa Dhahabu

Ndugu zangu wa Masoko, na nyinyi wa Kivinje mnaonisikiliza kwa mbali, leo tuambiane ukweli: tunapenda kusifiwa. Tunapenda mno. Sifa zilimwingia Mfaume kupitia mashine yake ya kufulia mazulia, na aliyeumia si yeye.

Asubuhi za Ijumaa nyumba ile ilikuwa tulivu. Mkewe, Mwahija, alikaa kibarazani akisuka majani makavu ya miyaa kuwa ukili, utepe wa mkeka wa binti yao Nusaiba, aliyekuwa aolewe baada ya Idi. Mwahija alitaka mkeka wa harusi utoke mikononi mwake mwenyewe, na mikono hiyo ilikuwa na ufundi. Vidole vilikwenda vyenyewe huku macho yako barabarani. Pembeni yake Mfaume alisugua viungio vya mashine, vile vipande vya shaba ya njano vinavyounga mipira ya maji. Alivisugua kwa ukwaju na chumvi, kama bibi yake alivyosugua birika la kahawa, mpaka vikawaka.

Mashine ile ilipiga maji ya moto ndani ya zulia kwa nguvu, kisha ikayanyonya pamoja na uchafu. Lakini watu hawakuzungumzia maji. Walizungumzia shaba inayong'aa, wakampachika jina la Mfaume wa Dhahabu. Alijifanya halitaki, huku akigeuka kila anapoitwa.

Ijumaa moja Mwahija aliweka ukili chini akainama.

"Baba Nusaiba, hebu tazama. Kiungio hiki kimeingia wekundu, tena kinatoa jasho."

"Maji ya kuoshea hayo."

"Maji gani yanarudi kila nikiyafuta?"

Kweli, palikuwa na doa lenye rangi ya ufizi, na tone dogo limesimama juu yake. Mfaume alilipaka ukwaju zaidi. Hata hivyo Mwahija hakumpa nafasi ya kupumua, mpaka wakapanda basi kwenda Lindi kwa Dismas, kijana fundi aliyewauzia mashine.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

Dismas alikishika kiungio, akakikwaruza kwa bisibisi. Kikamomonyoka kidogo.

"Mzee, unakisugua kwa kitu gani hiki?"

"Ukwaju na chumvi. Tangu mabibi zetu."

"Birika la bibi lilikaa mezani, mzee. Hiki kinabeba maji ya moto yenye msukumo. Ukwaju unakila. Dawa yako ya madoa nayo ina uchachu, na maji ya kisima chenu ni ya chumvi. Mwenye maji matamu na sabuni ya kawaida angedumu na shaba. Wewe funga stenlesi, chuma kisichoshika kutu." Akatoa seti ya viungio vyeupe, vimepooza kama vifuniko vya sufuria.

Mwahija ndiye aliyevipokea. Walipofika nyumbani, Mfaume akavisukuma chini ya kitanda.

"Nitavifunga," alisema. Jamani, neno hilo tunalijua sote. Atavifunga baada ya maulidi. Atavifunga wageni wa hoteli anayoifulia mazulia wakiondoka. Ijumaa zikapita, ukwaju ukaendelea kuloweka bakulini.

Ramadhani ilipokaribia, Mzee Abdulwahab, msimamizi wa msikiti wa mtaani, aliwaomba wafue mazulia kwa sadaka. Siku hiyo nusu ya mtaa ilikuja kufagia na kuosha madirisha. Mwahija alivitoa viungio vyeupe chini ya kitanda, akaviweka miguuni pa mumewe.

"Leo funga hivi. Nakuomba."

"Leo watu wote wapo, Mama Nusaiba. Nikawatolee masufuria mbele yao? Wallahi, kazi hii ikiisha nitavifunga."

Mwahija alimtazama, akajifunga kanga kiunoni, akaenda upande wa wanawake. Huko mwanamume hakuingia, kwa hiyo kishikio cha mashine alikishika yeye. Mfaume alibaki mlangoni kwenye tangi la mashine, akipokea pongezi.

"Dhahabu hiyo!" mmoja alipaza sauti. Mfaume akacheka, akaongeza msukumo wa maji.

Alisikia mlio mfupi, kisha sauti ya mkewe. Kiungio cha karibu na kishikio kilikuwa kimevunjika kwenye nyuzi zake za kufungia, na maji yaliyokaribia kuchemka yakamwagika juu ya mkono wa kulia wa Mwahija. Mfaume alizima mashine akaingia mbio, hakukumbuka tena upande ni wa nani. Mkewe alikuwa amekaa juu ya zulia lililolowa, ameinua mkono mbele yake kama kitu kisicho chake.

"Nilikwambia," alisema Mwahija. Mfaume akampakia kwenye bajaji mpaka hospitali.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini ngozi ilijivuta, na vidole havikukunjuka wala havikukunjika sawasawa tena. Mkeka wa Nusaiba ulikuwa umefika nusu. Majirani walijitolea kuumalizia, Mwahija akakataa. Akamwita mumewe kibarazani.

"Kaa hapa," alimwambia. "Shika miyaa."

"Mimi?"

"Wewe. Mkono wangu uko wapi?"

Mfaume akakaa pale pale alipokuwa akisugua shaba. Mke alitaja, mume akasuka: huu juu, huu chini, kaza, hapana, fumua. Waliopita njiani walimwona mwanamume mzima akihangaika na ukili, na hakuna aliyemwita wa Dhahabu. Mashine ilisimama nyuma yake na viungio vyake vyeupe, visivyotazamwa na mtu.

Nusaiba aliolewa. Mkeka ulitandikwa. Nusu yake ni laini, ungedhani umekatwa kwa wembe. Nusu nyingine imepinda, na mkono ukipita juu yake unajua mpaka wa nusu hizo ulipo. Wageni waliuliza kwa nini. Mwahija alimgeukia mumewe. Mfaume akasimama, akawaeleza mwenyewe, tangu lile tone la kwanza.

MAFUNZO

Wenzangu, shaba haina kosa. Kosa ni kuchagua kifaa kwa ajili ya macho ya watu badala ya kazi kinayoifanya. Mashine inayobeba maji ya moto, dawa kali na maji ya chumvi ifungwe chuma kinachoyastahimili, hata kama hakuna atakayekisifu. Na mtu wa nyumbani mwako akikuonyesha tone, usimjibu "nitafanya". Weka sifa kando, ufanye siku hiyo hiyo, angali na mkono wa kukuonyeshea.