Maji Juu ya Mashine

Kila jioni, kabla hata ya kuvua sare ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempangia. Alikuwa akiwasomea majirani Kiingereza. Kinyozi alimletea karatasi iliyokuja na mashine yake mpya ya kunyolea. Muuza maziwa alimletea chupa ya dawa ya kikohozi. Msichana alisoma kwa sauti, akikunja ulimi kama mtangazaji wa redio, kisha akawafafanulia kwa Kiswahili. Walimsifu hadi jina lake likasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani.

Na kweli alikuwa hodari. Katika mitihani ya Kiingereza hakuna aliyemfikia. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo watu hawakuijua. Akikutana na neno asilolijua, hakusema "sijui." Alikohoa kidogo, akatazama dari, kisha akatunga.

Rafiki yake alikuwa tofauti kabisa. Huyo wanafunzi walimwita Kwa Nini, maana hakupitisha kipindi bila kunyoosha mkono. Wenzake walimcheka, naye alicheka pamoja nao, kisha akauliza tena. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada lililochakaa ambamo aliandika kila neno jipya.

"Hivi huoni aibu kuuliza kila kitu?" Mkalimani alimwambia siku moja.

"Aibu hudumu dakika moja," Kwa Nini alijibu. "Neno nitakaa nalo mpaka nizeeke."

Mkalimani alibetua midomo. Yeye na aibu ya hata dakika moja hawakuwa wakielewana.

Mtaa wa pili aliishi shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Kwa miaka mingi Shangazi alifuma sweta za watoto wa shule, mpaka macho yakaanza kumsaliti na nyuzi zikawa zinampita. Baada ya kufikiri sana, aliuza mashine yake ya kufumia akanunua mashine ya kutotoleshea vifaranga. Ilikuwa sanduku jeupe lenye dirisha la kioo, taa ndogo, na kipimo cha unyevu chenye sindano kama ya saa. Aliiweka katika chumba alichokuwa akifumia, juu ya meza ileile. Aliyeileta aliwasha umeme, akajaza maji katika mfereji mdogo chini ya trei, akaonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni, akaondoka mbiombio.

"Haya, mwanangu," Shangazi alisema. "Nina mayai arobaini na nane, na karatasi ya Kiingereza. Nisomee. Usiruke hata nukta."

Mkalimani alipiga magoti mbele ya mashine. Mstari wa kwanza ulisema mayai yageuzwe mara tatu kwa siku. Huo aliuelewa vizuri, na Shangazi akachora alama ya penseli kwenye kila yai ili ajue upande uliogeuzwa. Mstari wa pili ulisema: "Top up the water every two days." Mkalimani alisita. Maneno yote aliyafahamu moja moja. "Top" ni juu. "Up" nayo ni juu. Alikohoa kidogo.

"Maji yanawekwa juu, Shangazi. Juu kabisa. Yanabadilishwa kila baada ya siku mbili."

"Juu ya mashine?"

"Ndiyo. Wamesema juu mara mbili, maana yake wanasisitiza."

Shangazi alileta bakuli la maji, akaliweka juu ya mfuniko kwa uangalifu mkubwa. Mstari wa tatu ulihusu siku ya kumi na nane: "Turn down the heat a little." Mkalimani alikohoa tena. "Turn" ni geuza, "down" ni chini.

"Siku ya kumi na nane tutageuza mashine juu chini. Kidogo tu. Ili joto lishuke."

"Mashine yote hii, na mayai ndani?" Shangazi alishangaa. "Basi nitamwomba msukuma mkokoteni aje atusaidie kuinua. Na huo mstari wa mwisho?"

"Look after the chicks," Mkalimani alisoma. "Tazama... baada ya vifaranga."

"Baada ya vifaranga kuna nini?"

"Kuna faida, Shangazi."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Hawa watu wanajua biashara!"

Siku zilikwenda. Kila asubuhi Shangazi aligeuza mayai, na kila baada ya siku mbili akabadilisha maji ya bakuli. Siku ya nane aliona sindano ya kipimo imeanza kuinama kushoto. Siku ya kumi ilikuwa imelala kabisa.

"Mwanangu, hii sindano inaumwa?" aliuliza.

Mkalimani aliitazama. Hakujua. Alikohoa. "Ni joto la mchana tu. Itainuka yenyewe."

Siku ya kumi na mbili, Mkalimani na Kwa Nini walikuwa wakitoka shule. Walipofika kwenye kibanda cha vocha za simu, Kwa Nini alisimama, akafungua daftari lake. Juu ya dirisha la kibanda palikuwa na kibao chekundu. Mkalimani alikuwa amepita chini ya kibao hicho kila siku tangu darasa la kwanza, na hakuwahi kukisoma.

"Dada, shikamoo," Kwa Nini alimsalimu mwenye kibanda. "Hapo mmeandika 'Top up here.' Maana yake ni nini?"

"Marahaba. Ni kuongeza, mdogo wangu. Salio likipungua, unaongeza. Hata chai ikipungua kikombeni mtu akakumiminia tena mpaka ikajaa, amekufanyia hivyohivyo."

Kwa Nini aliandika. Mkalimani alisimama kama aliyekanyaga msumari.

"Vipi wewe, umeona nyoka?" Kwa Nini aliuliza.

Mkalimani alishika mkoba wake, akatimua mbio.

Shangazi alikuwa uani akifua. Mkalimani alipita kimyakimya hadi chumbani, akaondoa bakuli, akainua mfuniko na ukingo wa trei. Mfereji ulikuwa mkavu. Yalibaki mabaki meupe tu ya chumvichumvi, kama machozi yaliyokauka shavuni. Alichota kikombe kimoja cha maji, akamimina, akarudisha mfuniko. Hakuna aliyemwona. Bakuli angelirudisha palepale juu, na kila siku angepita kuongeza maji kwa siri. Nani angejua?

Kisha macho yake yakaangukia mstari wa tatu. Ikiwa "top up" si juu juu, je, "turn down" ni nini? Hakujua. Na msukuma mkokoteni alikuwa ameshaambiwa aje Jumatano. Wangeinua sanduku lile, walipindue, na mayai arobaini na nane yaangukiane humo ndani. Kwa jambo hilo kikombe cha siri hakingesaidia kitu.

Alikwenda uani.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona unahema?"

"Shangazi, nimekudanganya." Maneno yalimtoka kwa mkupuo, kabla hajapata nafasi ya kukohoa. "Maji hayakutakiwa kuwekwa juu. Yalitakiwa kuongezwa ndani. Sikulijua lile neno, nikalitunga. Na la kupindua mashine nalo nimelitunga. Sindano nayo sikujua. Mfereji ulikuwa mkavu, Shangazi."

Shangazi aliacha shati ndani ya beseni. Alimtazama, povu likidondoka kwenye vidole vyake. Mkalimani alitamani apigiwe kelele, yaishe. Lakini Shangazi alifuta mikono, akauliza jambo moja tu.

"Umeshaongeza maji?"

"Kikombe kimoja."

"Basi twende tukaone kama kinatosha. Kulia tutalia baadaye."

Walimimina kidogo kidogo, wakisubiri na kutazama kipimo. Kabla jua halijazama sindano ilikuwa imenyanyuka kutoka ilikolala. Shangazi alibandua ile karatasi taratibu, akaikunja.

"Kesho nakusindikiza shule," alisema. "Na kwa mwalimu utasema wewe mwenyewe. Mimi nitashika mkoba tu."

Asubuhi mwalimu wa Kiingereza, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisikiliza mpaka mwisho. Mkalimani alieleza yote bila kuinua macho. Kwa Nini, aliyekuwa ameleta madaftari ya darasa kusahihishwa, naye alisimama pale akisikia.

"Nilipokuwa na umri wako," mwalimu alisema, "mama alinipa chupa ya dawa imeandikwa 'Shake well,' yaani itikise vizuri. Nikamwambia, 'Mama, wanasema tikisa kisima.' Mama akauliza, 'Kisima cha nani?'"

Shangazi aliangua kicheko, na Mkalimani akajikuta anatabasamu japo macho yalikuwa na machozi.

"Sikiliza," mwalimu aliendelea. "Kwetu tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki. Je, simu huumia?"

"Hapana, mwalimu."

"Mgeni akijua tu kwamba kupiga ni kuchapa, atadhani sisi ni watu wakatili, tunachapa mpaka nguo. Maneno yakikaa pamoja huzaa maana yao wenyewe. Kiingereza nacho kina yake. 'Turn' peke yake ni geuza. 'Turn down' ni punguza, kama unavyopunguza sauti ya redio. Na 'look after' ni kutunza. Wala si kutazama baada ya chochote."

"Kumbe faida haikuandikwa!" Shangazi alisema.

"Faida utaipata, mama, ukiwatunza."

Walipotoka nje, Mkalimani alimgeukia Kwa Nini. Alitegemea kuchekwa. "Sasa unajua," alisema. "Mimi huwa natunga."

"Nilijua zamani," Kwa Nini alijibu. "Huwa unakohoa." Akapasua karatasi mbili tupu kutoka katikati ya daftari lake, akampa. "Anzia hapa mpaka upate la kwako. Andika na sentensi, si neno pekee. Neno pekee hukimbia."

Jioni ile Mkalimani alipita kwa kinyozi na kwa muuza maziwa. Alisoma upya karatasi na chupa, na pale asipojua alisema hajui, akaandika neno ili alipeleke shuleni. Kwa kinyozi kulikuwa na kosa moja dogo: mafuta ya mashine alikuwa ameambiwa ayatie mara moja kwa mwaka, kumbe ni mara moja kwa wiki. "Ndiyo maana inalia kama mbuzi!" kinyozi alisema, na wateja wakacheka. Mkalimani aliona aibu. Alihesabu moyoni. Ilidumu kama dakika moja hivi.

Jumatano, siku ya kumi na nane, msukuma mkokoteni alifika amekunja mikono ya shati mpaka mabegani.

"Iko wapi mashine ya kupindua?"

"Haipinduliwi tena," Shangazi alisema. "Mwanangu, mwonyeshe."

Mkalimani alishika swichi ya joto kwa vidole viwili, akaizungusha nyuma kidogo tu. "Tumemaliza," alisema.

"Na mimi nimekula sahani mbili kwa ajili ya kazi hii!" msukuma mkokoteni alilalamika. Shangazi alimpa ndoo za maji abebe ili chakula chake kisipotee bure.

Jumamosi mchana, sauti ya kwanza ilisikika. Kwa Nini, aliyekuwa amekuja na Mkalimani kwa Shangazi, ndiye aliyeisikia. Wote watatu walibanana kwenye dirisha la kioo. Yai moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu ncha ya mdomo ilikuwa ikigonga, ikipumzika, ikigonga tena. Ganda lilipasuka. Kifaranga alitoka amelowa, mbaya kama mopu kuukuu, akaangukia mgongo, akajaribu kusimama.

Kufikia Jumapili jioni walikuwa thelathini na watatu, wamekauka na kuwa manjano, wakipiga kelele kuliko darasa lisilo na mwalimu. Mayai kumi na matano hayakupasuka. Mkalimani aliyatoa moja moja kwenye trei, na kila aliloshika lilimuuma.

"Haya ni kwa sababu yangu, Shangazi?"

"Sijui," Shangazi alisema. "Huenda ni ukame wa maji, huenda yalikuwa viza tangu mwanzo. Sitakwambia uongo ili upoe, wala sitakubebesha nisilolijua." Alikaa kwenye kigoda karibu naye. "Lakini hawa thelathini na watatu najua wametokana na nini. Wametokana na siku ile uliyokuja uani kunieleza ukweli."

Mkalimani aliinamisha kichwa.

"Nisikilize, mwanangu. Ukiniambia hujui, hakuna kilichoharibika. Tutatoka mimi na wewe, tutamtafuta anayejua. Lakini ukiniambia unajua, mimi nitaacha kutafuta. Hapo ndipo mtu huumizwa. Soma Kiingereza mpaka ukibobee, mimi nitajivuna mtaani. Ila neno 'sijui' usiache kulisema. Ni neno la watu wanaotaka kujifunza."

"Nimekusikia, Shangazi."

"Haya, inuka. Hao watoto wana kiu."

Mkalimani alichukua jagi, akapiga magoti kando ya boksi la vifaranga. Kisahani chao kilikuwa kimepungua. Alikimiminia maji polepole mpaka kikajaa, na vifaranga wakaja wakikimbizana kunywa.