Kaburi la Yago

Askari walipofukua kaburi kule Kamanga hawakukuta mtu. Ndani ya shuka nyeupe mlikuwa na tunda la mti wa yago, refu na zito, limelazwa kwa upole.

Koplo Josephat alivuka nalo hadi kituoni Mwanza, akalitua juu ya meza ya Sajini Ogada. Meza hiyo Ogada aliichukia. Tangu boti ya polisi ilipombana goti gatini, alipewa kazi nyepesi: kuandika taarifa, kugonga mihuri, kuota kutu. Kupitia dirishani aliiona boti ikiondoka kila asubuhi bila yeye, na roho ikaifuata. Koti lake la mvua lilikuwa bado msumarini. Daktari alikuwa hajamwambia hapana, na Ogada hakuwa amemuuliza.

"Mihayo kamuua Okal, afande," Josephat alisema. "Maiti kaificha, hapa tunazugwa na tunda."

Mihayo alikuwa mvuvi mwenzake Okal. Aliapa kwamba waliachana ufukweni Jumapili, lakini mtumbwi wao ulikutwa umepinduka, shati la Okal limenasa ndani. Sasa Mihayo alikuwa mahabusu, na kitanzi hakikuwa mbali.

Ogada alicheka. Josephat ni Mhaya, angejuaje? Kwa Wajaluo kama Ogada na Okal, mtu akizama asipatikane, yago huzikwa mahali pake. Kisha kicheko kikamwisha.

"Lilizikwa lini?"

"Jumatatu. Watu walikuwa bado wanamtafuta majini."

"Nani alizika?"

"Mkewe, Akelo."

"Mlete."

Hakuna Mjaluo anayechuma yago wakati mitumbwi bado inatafuta. Aliyezika alijua hakuna maiti ya kutafutwa. Zamani Ogada angemfuata mwenyewe ng'ambo. Sasa alingoja, mguu juu ya kigoda.

Akelo alimwamkia kwa adabu, akakaa.

"Ulijuaje hatapatikana?"

"Ziwa ni kubwa, mzee."

"Lingeweza kumrudisha kesho yake. Hukuweza kungoja?"

"Nimengoja vya kutosha."

"Okal yuko wapi?"

Mwanamke aliligusa lile tunda. "Kisumu, kwa mwanamke mwingine. Alipanda meli Jumapili jioni. Mtumbwi niliupindua mimi. Shati nililitia mimi."

"Na Mihayo?"

"Sikujua mtamkamata. Nilipojua, niliogopa." Machozi yakamtoka. "Amekwenda na kurudi miaka yote, mzee. Kila meli ikipita natoka nje kutazama. Safari hii aliniambia nisimngoje, na bado nikatoka nje. Ukifiwa na mume unaliliwa, ukiachwa unachekwa. Nikaona bora nimzike, nipate kupumzika."

Ogada akapeleka simu ya maandishi Kisumu, na jibu lilirudi kwamba Okal yu hai. Mihayo akafunguliwa. Akelo angejibu shtaka la kudanganya polisi, lakini si la damu. Alipotolewa aliomba kitu kimoja tu, arudishiwe yago lake kesi ikiisha. Ogada akakubali.

Nje boti ilikuwa ikipashwa moto. Ogada alijikongoja hadi msumarini, akalishusha koti, akalinusa. Bado lilinuka ziwa.

"Vaa hili," alimwambia Josephat. "Ukipita Kamanga mawimbi yanapiga ubavuni."

"Na wewe ukipona, afande?"

"Goti hili halitapona, Josephat."

Alikuwa hajawahi kulitamka. Moyo ulimuuma kuliko goti. Boti ilipopiga honi, hakugeuka dirishani; alivuta kiti, akaanza kuandika maelezo ya Akelo.