Mkwaju wa Mwisho wa Timu ya Sabuni

Haya yalimpata baba yangu mdogo, nami nilikuwepo chumbani. Anayetaka kubisha abishe. Mimi nimeshachoka kuyabishania.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Mimi ni seremala, na mama mdogo alikuwa ameniita tena nibadilishe chaga za kitanda cha mumewe. Nilishazibadilisha mara nyingi mno, hata kupima nilikuwa sipimi tena. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto, akamsema jirani anayefungulia redio mpaka vikombe vinatetemeka kabatini.

"Safari hii weka mbao ngumu, baba," aliniambia. "Siku hizi anakimbia kwa nguvu sana."

Niwaeleze. Baba mdogo watu walimwita Komeo, kwa sababu upande wake winga alikuwa hapiti. Alikuwa beki wa kushoto wa timu ya kiwanda cha sabuni, enzi hizo timu ikiwa ligi kuu na mashabiki wake wakijiita Povu. Wapinzani waliitania kwamba timu ya sabuni haina budi kuteleza, na kweli iliteleza. Ilifika fainali ya kombe mara kadhaa, na kila mara ikarudi mikono mitupu.

Viongozi wakachoka kuchekwa. Kila klabu ina kamati ya ufundi, na sote tunajua ni ufundi wa aina gani. Kamati yao ikamleta mtaalamu mmoja, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Siku ya fainali aliwaingiza wachezaji uwanjani kinyumenyume, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipokanyaga chokaa ya mstari alitamka: "Sitoki humu mpaka nitoke na kombe." Baba mdogo alisema wengine walitamka huku wakicheka.

Mchezo ulikuwa sare. Dakika za nyongeza zilikuwa zinayoyoma, kila mtu anasubiri penalti, mara mashabiki wakavunja uzio. Mawe yakaruka. Refa naye akaruka ukuta, filimbi mdomoni, hakuipuliza. Fainali haikurudiwa. Chama cha mpira kiliifungia timu, kiwanda kikafa, uwanja ukageuka yadi ya kufyatulia matofali. Timu nzima iliisha hivyo, watu hawakupata hata nafasi ya kuagana.

Tangu hapo, kila ikifika saa kumi alasiri, saa ya mechi, usingizi ulikuwa unamwangusha baba mdogo popote alipo. Akishalala, miguu inaanza kukimbia. Anaamka kaloa jasho, anahema, mdomo mkavu. Hospitali walimpima kila kitu wasione kitu. Daktari akamwambia apumzike. Mama mdogo alicheka pale pale mbele ya daktari, akacheka mpaka akalia.

Wenzake walikuwa na ugonjwa huo huo. Walikufa mmoja mmoja, wote kwa kuchoka. Kipa wao alikutwa kitandani mikono imenyooka juu ya kichwa, na waliomwosha walishindwa kuishusha.

Basi siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti napigilia misumari, baba mdogo amekaa kwenye kigoda ananitazama. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Akaniinamia.

"Waliokufa nao wapo," alininong'oneza.

"Wapo wapi, baba?"

"Uwanjani. Kipa, nahodha, wote. Wanakimbia vile vile. Mimi nilidhani mtu akifa anatoka."

Niliweka nyundo chini. Nikamtazama.

"Siogopi kufa, mwanangu," alisema. "Naogopa kufa kabla hatujalipata lile kombe."

Hapo nikaelewa kwa nini mama mdogo alikuwa anashinda sokoni wiki nzima. Yule refa alikuwa bado hai. Watu walimwita Mzee Kadi, sasa ni fundi cherehani, anashona sare za shule pale sokoni. Mama mdogo alimwangukia miguuni, akamwomba aende akaumalize mchezo wake. Mzee alikataa, akakataa tena, mwisho akachoka kukataa.

Alipita kwetu mchana ule akielekea yadi. Alikuwa amevaa kaptura nyeusi ya zamani, imempwaya kama gunia, na kwa siku nyingine ningecheka.

"Nitapuliza, niwapeleke kwenye penalti, liishe," alisema mlangoni. "Na mimi nimechoka. Nikishona nawasikia wananiita."

Baba mdogo alimpa mkono.

Saa kumi ilipofika, usingizi ukamchukua. Tulimlaza kwenye chaga mpya. Mama mdogo akakaa kichwani pake, mimi nikasimama kwenye kona. Miguu ikaanza, polepole kwanza. Kisha kasi. Kitanda kikalia. Mbao ngumu zile nilizisikia zinaalika.

Kutoka nyumbani hadi yadi ni mbali, kuna barabara kuu na soko katikati. Lakini filimbi tuliisikia. Ililia ndefu, karibu kabisa, kama imepulizwa sebuleni.

Miguu ikasimama.

Mama mdogo aliziba mdomo kwa kiganja. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuiona miguu ile imetulia saa hiyo. Machozi yalimtoka, na mimi nikajikuta namshukuru Mungu kwa sauti.

Filimbi ikalia tena, fupi. Kimya. Kisha tukasikia mshindo, mpira unapigwa mahali fulani. Baba mdogo akaguna usingizini.

Filimbi. Mshindo. Chumba kikaanza kunuka nyasi zilizokatwa.

Filimbi. Mshindo. Baba mdogo akakunja uso.

Ziliendelea hivyo, nami nikapoteza hesabu. Halafu kikaja kimya kirefu. Baba mdogo akafumbua macho. Hakututazama. Alikuwa anatazama mbele, ukuta wa miguuni.

"Wamebaki na mimi," alinong'ona.

"Nani?" mama mdogo aliuliza. "Baba watoto, nani?"

Baba mdogo alikaza macho ukutani. Alivuta pumzi.

Filimbi.

Mguu wa kushoto ulirudi nyuma, ukapiga. Mara moja tu. Kitanda kiligonga ukuta, taa ikayumba, vumbi likanimwagikia usoni. Nilipopangusa macho baba mdogo alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Nilimshika shingo. Nikamshika tena. Alikuwa ameshakwenda.

Mama mdogo hakupiga kelele. Aliifumba ile midomo, akahamia miguuni, akaupa ukuta mgongo, akaikusanya miguu ya mumewe, akaikumbatia kifuani.

Mzee Kadi alirudi akiwa anajikokota, kaptura imejaa vumbi la matofali. Alimwona kitandani, akavua kofia.

"Sikuona mtu," alituambia. "Nilisikia tu. Wapinzani walikosa moja. Watu wa sabuni walifunga zote, ikabaki moja ya ushindi. Ya beki wa kushoto."

"Ikawaje?" nilimuuliza.

"Nilimsikia akipiga. Sikusikia ilipoangukia."

Mama mdogo aliinua uso. Alinitazama mimi, si refa.

"Alifunga, baba? Niambie. Ametoka?"

Hapo nilikuwa nimeshauona ukuta wa miguuni, nyuma ya mgongo wake. Kulikuwa na alama ya duara, ya tope bichi, mishono ya mpira inaonekana mmoja mmoja, na majani mabichi yamegandia. Mvua hatukuiona kwa miezi. Mimi nimetengeneza milango maisha yangu yote, na magoli ya shule nimeyachonga mengi. Urefu wa mtambaa panya, ule mti wa juu wa goli, naujua kwa macho. Alama ile ilikuwa juu yake, karibu na dari.

"Amefunga, mama," nilimwambia. "Kona ya chini kabisa. Kipa hakuuona."

Akatabasamu, akailaza miguu ya mumewe taratibu. Alipotaka kusimama, nilizunguka nikamshika mabega, nikasimama kati yake na ukuta ili asigeuke. Nyuma yangu tope lilikuwa bado linadondoka sakafuni.