Boksi la Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akakimbilia karakana ya shangazi yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na bibi, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Shangazi alikuwa fundi wa maboksi ya spika, na nywele zake hazikukosa unga wa mbao hata siku za sherehe.

Wiki ile Chiriku alikuwa akitengeneza boksi lake la kwanza. Darasa lake lingecheza ngoma siku ya kufunga shule, na bibi angekuja kutazama. Masikio ya bibi yalikuwa yamechoka. Nyimbo hakuzisikia tena, ila mdundo mzito aliusikia kifuani. Chiriku alitamani sana bibi aisikie ngoma yao, na redio ya shule ilikuwa na sauti ya mbu.

Shangazi alimweleza kwamba boksi huwekewa bomba, ambalo yeye aliliita pua. Hewa iliyomo ndani hupumulia hapo na kuisaidia spika kutoa sauti nzito. Urefu wa bomba hutegemea nafasi iliyomo ndani, kwa hiyo boksi hupimwa ndani, si nje, maana unene wa ubao nao hula nafasi.

Chiriku alielewa vizuri. Lakini siku ya kupima, wenzake walimwita wakaruke kamba, na kuinama ndani ya boksi na futi kulichosha mgongo. Akapima nje, chapuchapu.

"Umepima ndani?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akapiga hesabu, bomba likakatwa, boksi likafungwa kwa gundi na skrubu.

Siku moja kabla ya sherehe wakalilaza boksi chali, spika ikitazama dari. Shangazi akanyunyiza punje chache za mchele juu ya spika, akacheza mlio mzito kutoka kwenye simu na kuupandisha polepole kuelekea sauti nyembamba. Punje zikarukaruka. Alisema kwamba pua ikipumua sawasawa, spika hutulia na punje hutulia nayo. Mlio ulifika pale walipopanga pua ipumue, punje zikaendelea kuruka. Zilitulia baadaye, mlio ulipokwisha kupanda mno. Walipoweka ngoma, boksi likakohoa tu.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Chiriku, boksi hili ni dogo kuliko ulivyoniambia."

Chiriku alifikiria kuisingizia gundi. Kisha akamwona bibi mawazoni, amekaa mstari wa mbele, hasikii kitu. Machozi yakamlenga.

"Nilipima nje, shangazi. Nilitaka kwenda kucheza."

"Njia ya mwongo fupi," shangazi akasema. "Bahati yako bomba hubadilishwa. Lete futi."

Wakafungua spika. Chiriku akapitisha mkono kwenye tundu lake, akapima kila upande wa ndani, akarudia. Hesabu mpya ilitaka bomba refu kuliko la kwanza, hata ikabidi likunjwe kwa kiungo cha kiwiko ili lienee ndani. Safari hii punje zikatulia palepale palipotakiwa, na upepo wa pua ukampuliza Chiriku usoni. Akacheka kwa furaha, akaomba warudie kupima.

Siku ya sherehe bibi alikaa mbele, akitazama watu kwa upole. Ngoma ilipoanza, akaweka kiganja kifuani. Akasikiliza. Halafu akamkabidhi mwalimu mkuu fimbo yake, akasimama, akaanza kucheza. Chiriku alifurahi hata akasahau hatua, akageuka kushoto darasa zima likienda kulia.

Jioni walibeba boksi kurudi nyumbani, yeye na shangazi, kila mtu upande wake, bibi akiwafuata.

"Uliponiambia umepima, niliamini kwa sababu nakupenda," shangazi alisema. "Lakini hewa si shangazi yako, haidanganyiki. Kazi ifanye kwa ukweli. Ukikosea, sema, maana kosa lililosemwa hurekebishika."

"Nimesikia, shangazi."

"Hata mimi nimesikia," bibi akasema nyuma yao, mkono ungali kifuani.