Namba Kumi na Tatu Yupo

"Kumi na mbili?"

"Nipo!"

"Kumi na tatu?"

"Yupo!"

Jamani... namba kumi na tatu ni mimi!

Na mimi sikuwa kwenye basi. Nilikuwa chini ya ardhi, ndani ya chumba cha boila cha kiwanda kilichokufa zamani, mlango wa chuma umefungwa kwa nje, giza totoro, napiga kelele mpaka koo linawaka!

Sauti iliyojibu "yupo" niliijua. Ilikuwa ya mtu niliyemwamini kuliko wote kwenye kundi letu. Na asubuhi ile ile mtu huyo alikuwa amenikamata mkono kwa nguvu, akaniambia:

"Ukinisema, Mkunga, mimi na wewe basi!"

Kaeni vizuri niwasimulie. Wale wenye tabia ya kuruka mistari, leo nawaomba msiruke.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha watoto miaka thelathini na minne, halafu siku moja wakanipa saa ya ukutani na keki, wakaniambia nikapumzike. Nikapumzika wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kuongea na jokofu.

Ndipo nikajiunga na darasa la wastaafu. Tunakutana Jumanne na Alhamisi, chumba cha juu cha maktaba. Tunajifunza simu, huduma ya kwanza, historia na kuchora. Mwalimu wa kuchora aliniambia vikombe vyangu vinafanana na ndoo, ila ni ndoo nzuri. Na mara moja kwa mwezi tunatoka matembezi.

Matembezi yana utaratibu. Kila mtu ana namba, na kila mtu ana pacha, mwenzake wa kukaa naye. Kabla basi halijaondoka, mratibu wetu, mwalimu mkuu mstaafu, anashika spika yake ya mkononi na kuita namba. Usiposikia, pacha wako anakujibia. Nusu yetu masikio nayo yameshastaafu, kwa hiyo utaratibu huo ulitufaa sana.

Pacha wangu ni namba kumi na nne. Tunamwita Dereva, maana ameendesha treni maisha yake yote ya kazi.

Tulikuwa na utani wetu. Kila tukipanda basi, nikishakaa, napunga kitambaa changu cha kijani cha shingoni, kama bendera ya kuruhusu treni. Yeye anapaza sauti:

"Bendera nimeiona! Twende!"

Basi zima linacheka. Nisipopunga, hatulii kabisa.

Lakini Dereva alikuwa na siri, na kwenye kundi niliijua mimi tu. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Leo anasahau namba yake, kesho anasahau njia ya chooni.

Sheria ya kundi ilikuwa wazi. Mwenye tatizo hilo haji matembezi bila ndugu wa kumwangalia. Binti yake anafanya kazi siku nzima, angempata wapi wa kumsindikiza?

"Nitabaki nyumbani natazama ukuta mpaka nife," aliniambia, machozi yanamtoka mzee mzima.

Nikamficha. Miezi saba! Akipotea, nasema tulikuwa tunapiga soga. Akikosea jina la mtu, nageuza iwe utani. Nikambunia na ujanja mdogo mdogo wa kumsaidia, na sitawadanganya, nilijiona mtu mwema kwelikweli.

Asubuhi ya siku hiyo, tukiwa kwenye basi, aliniuliza mara tatu mimi ni nani.

"Dereva, hili limenizidi. Jioni namwambia binti yako."

Ndipo aliponikamata mkono. Macho yake sikuyatambua.

"Ukinisema, Mkunga, mimi na wewe basi!"

Tuliposhuka pale kiwandani, siku hizi ni makumbusho, nikaliacha begi langu kwenye kiti changu kama kawaida. Ndani kulikuwa na simu, maji na pipi zangu. Mimi nina kisukari, natembea na pipi kwa ajili ya sukari ikishuka. Nikachukua daftari la kuchora na penseli tu.

Karibu na muda wa kuondoka nikashuka peke yangu chumba cha boila. Kulikuwa na mita kubwa ya shaba ya kupimia mvuke, nzuri ajabu, nikataka kuichora. Mlango ulikuwa mzito na kwa ndani hauna kitasa, nikauwekea tofali usijifunge.

Nikachora. Nikanogewa.

Mara nikasikia tofali linasogezwa...

Mlango ukafungwa. BAM! Komeo likaingia. Taa ikazimwa.

"Wee! Nipo ndani! Nipo ndani jamani!"

Nilipiga ule mlango kwa viganja mpaka vikafa ganzi. Nikapapasa ukutani hadi kwenye tundu dogo la hewa, juu kabisa, upande wa maegesho. Hapo ndipo nikasikia spika ya mratibu ikiita namba. Nikamshukuru Mungu. Nikajua sasa hivi watagundua mmoja hayupo.

Mengine mnayajua. "Yupo!"

"Sipooo! Dereva, muongo wewe! Sipo!"

Injini iliunguruma. Basi likaondoka.

Nyie... kuna hofu na hofu. Nimeshika watoto waliotoka bila kulia, nimeona damu, sikutetemeka. Lakini pale nilikaa sakafuni, nikajikunja kama mtoto.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Kibao cha getini nilikuwa nimekisoma mwenyewe: kitafunguliwa tena Jumatatu. Naishi peke yangu. Mwanangu hupiga simu Jumapili, nisipopokea husema mama kalala. Nani angenitafuta?

Na kichwani swali moja tu. Amefanya makusudi? Ni yeye aliyesogeza tofali?

Nikakumbuka ule mkono wake. "Mimi na wewe basi." Kumbe alimaanisha hivi! Nimemfichia mtu aibu yake miezi saba, naye ananizika hai ili nisimseme. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Kitu kikapita juu ya kiatu changu. Panya. Nikapiga ukelele.

Halafu likaja lile nililokuwa naliogopa zaidi. Jasho jembamba shingoni. Vidole vinatetemeka. Midomo inakufa ganzi. Dalili hizo nimewafundisha wagonjwa mamia, sasa nazihesabu mwilini mwangu. Sukari ilikuwa inashuka, na pipi zangu zimekwenda na basi. Kwa hali ile, Jumatatu ilikuwa mbali. Hata usiku sikuwa na uhakika wa kuufikia.

Nikashika penseli, nikamwandikia mwanangu gizani kwa kubahatisha. Nilitaka kuandika maneno mazito ya mama. Nikaandika, "Usimpe shangazi yako masufuria yangu." Ndivyo hofu inavyofanya.

Sijui muda gani ulipita. Nilikuwa nimelala ubavu, usingizi mzito unanivuta, ule usingizi mbaya.

Nikasikia injini. Nyayo. Komeo likavutwa.

Mwanga!

Wa kwanza kuingia alikuwa Dereva, amekumbatia begi langu. Nyuma yake mratibu, na mlinzi wa makumbusho, mikono kichwani.

"Mama, nisamehe! Nilisogeza tofali nikafunga, niliona nje hakuna mtu, sikuchungulia ndani!"

Sikumsikiliza. Nilimnyooshea Dereva kidole.

"Wewe... umeniacha nife!"

Aliniangalia shingoni, kitambaa kilikuwa kimenidondoka gizani, akauliza kwa wasiwasi kabisa:

"Bendera iko wapi?"

Mratibu alinitia pipi mdomoni, nyingine, na nyingine. Nilipoweza kukaa, akanieleza.

Basi lilikuwa limefika kwenye barabara kuu. Dereva hakutulia. Anaangalia kiti changu, anaangalia dirishani. Ghafla akasimama katikati ya basi:

"Simamisha! Treni haiondoki! Bendera sijaiona!"

Watu wakacheka. Wakamwambia kaa, mzee, utani umezidi. Akagoma. Akaenda mbele akasimama mlangoni, akasema yeye miaka yote hajawahi kuondoa treni bila bendera, na leo hataanza. Ndipo mratibu akaja kukitazama kiti changu. Kilikuwa na begi tu.

"Sasa kama hayupo," mratibu akamgeukia Dereva pale pale mlangoni, "kwa nini ulijibu yupo?"

Dereva akapapasa mfuko wa shati, akatoa kikadi kidogo kilichochakaa pembe, akampa kama mwanafunzi anayetoa daftari.

Mratibu akakisoma kwa sauti.

"Wakiita kumi na tatu, jibu: YUPO. Wakiita kumi na nne, jibu: NIPO. Usifikirie, jibu tu."

Sasa, pale kwenye boila, akaninyooshea kikadi kile.

"Huu mwandiko wa nani?"

Jamani, ardhi ingepasuka ningeingia tena mle mle kwenye boila.

Mwandiko ulikuwa wangu!

Ule ujanja wangu mdogo mdogo. Nilimwandikia ili asikwame mbele ya watu. Nikampa na amri ya kutofikiri. Hakunisaliti mtu. Aliyenifungia mle ndani ni mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Nikasema yote, pale pale sakafuni, pipi mdomoni, machozi puani.

Jioni binti yake alikuja kumchukua. Aliniuliza swali moja.

"Tangu lini, mama?"

"Miezi saba, mwanangu."

Hakunitukana. Alikaa kwenye ngazi za maktaba akalia. "Nyumbani alikuwa ananidanganya kuwa ni uchovu tu. Miezi saba hiyo angekuwa ameshaonwa na daktari."

Lile neno limenikaa mpaka leo, kuliko giza la boila.

Dereva bado anakuja. Dada yake mdogo ndiye anayemsindikiza, tena amejiandikisha darasa la kuchora, vikombe vyake vibaya kuliko vyangu. Na sasa hakuna kumjibia mtu mpaka umemshika bega.

Wapendwa, ukimpenda mtu usimfichie ugonjwa. Aibu unayomwondolea ni ndogo, na hatari unayompa huioni mpaka iwe imefunga mlango. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile nusura kiniumbue mimi niliyeficha ya mwenzangu.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye basi tena. Dereva akaninong'oneza:

"Eti, kuna mama aliwahi kuachwa kiwandani?"

"Nimesikia."

"Maskini! Nani huyo mzembe aliyemwacha?"

"Rafiki yake mmoja hivi. Alidhani anasaidia."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nami nikavua kitambaa changu shingoni, nikakipunga juu kabisa ili akione vizuri.